Matusi Yenye Mizani

Nilikuwa nikinunua sukari dukani, mtaa wa Wiyoni, binti mmoja alipompa shangazi yake simu aitazame katuni ya watu wazima aliyoitengeneza kwa vikaragosi vya udongo, akivisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha. Bila idhini ya shangazi hangeirusha mtandaoni.

Kikaragosi cha bwana harusi kikajamba, kisha kikautukana ukoo mzima wa mkewe.

"Bi, izime! Aibu hii!" alisema muuza duka.

Shangazi alijiziba mdomo kwa buibui, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Aibu ni kutukana bila vina, Bwana. Kwenye vugo, ngoma zetu za harusi, sisi wanawake twatukana kwa mizani, na anayetukanwa hucheka. Kayatie vina, mwanangu, kisha irushe."

Binti aliikumbatia simu. Nami nilitoka nikitembea kwa maringo: mji wangu hata matusi huyapima kabla ya kuyatoa.