Askari wa Bure Mbele ya Malkia

Jambo lenyewe liligharimu nafasi yangu kwenye timu ya sataranji ya Kimara, na Jumamosi mbili za kukilaumu kiti nilichokalia. Nimehesabu mara mbili, hakuna kingine.

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, nilikuwa binti muuza vitenge, na hakuna aliyewahi kuniuzia kitu kwa bei yake ya kwanza. Nafasi ya mwisho timuni tuliigombea wawili: mie na karani mmoja wa Kawe, mpole, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akasogeza askari wa malkia hatua mbili. Nikajibu vilevile, askari wetu wakatazamana. Kisha akaweka askari mwingine ubavuni, mahali ambapo wangu angeweza kumla. Bure kabisa. Mfanyabiashara gani anaacha cha bure? Nikala.

Karani alitaka kulipiza, nami sikutaka kurudisha. Nikaleta askari wa kumlinda aliyekula, kisha wa kumlinda mlinzi. Farasi na maaskofu wangu bado wamelala. Hapo malkia wake akatoka, akaitazama ngome yangu kule konani, katikati yao hamna mtu.

"Sista," akasema taratibu, "nisubiri, au tupange upya?"

Nikamtoa farasi kafara kuiokoa ngome. Yaliyofuata yalikuwa kukusanya vyombo.

Mzee Nandonde, mchongaji kutoka kusini aliyetuchongea hata zile kete, alikuwa pembeni anatazama. Nikamwamkia, nikajitetea kwamba hatua zote nilizikariri. Akaitikia marahaba, kisha akasema: "Binti, umepewa bure, ukaanza kulipia ulinzi. Hukuuliza kila mmoja amesimama pale kwa nini."

Kwa hiyo, mwanangu, mpinzani akikufungulia na askari wa malkia, mweke wako mbele yake. Akileta yule wa ubavuni, usiwe na haraka ya kula. Sogeza askari wa mbele ya askofu, upande wa malkia, hatua moja tu, amshike mwenzake wa kati. Akila, unakula. Na askofu wako bado ana mlango. Njia ikiwa salama, mtoe kabla hujaufunga kwa askari wa mfalme. Ukiijua kazi ya kila mmoja, hata mpinzani akichanganya mpangilio hutapotea.

Mungu akujalie subira ya kuukalia mkono wako mpaka umalize kufikiri.

Nami nishauri. Siku hizi wapinzani wakiuona ukuta huo wa askari, wanabadilishana askari wa kati mapema, tunaishia sare ya kupiga miayo. Nimejaribu njia mbili, zote baridi. Wewe ungefanyaje?