Pasi ya Shangazi na Kisanduku Kipya

Shangazi yangu, dada mkubwa wa Baba, hakuolewa wala hakuajiriwa popote, lakini nyumbani kwetu alikuwa na cheo. Umeme ukikatika kwetu peke yetu, majirani wakiwa bado na taa, hakuna aliyethubutu kugusa kisanduku cheusi cha fyuzi kilichokuwa ukumbini. Shangazi aliletewa kiti. Alipanda, akachomoa fyuzi, akainusa, akatugeukia.

"Nani kawasha birika na pasi pamoja? Semeni wenyewe kabla sijasema mimi."

Kisha alitoa mfukoni uzi mwembamba wa waya, akausuka mara mbili ili usiungue upesi, akaufunga kwenye fyuzi, akairudisha mahali pake. Taa zikiwaka tulisema "Aaa!" sote, naye alishuka polepole kama mtu anayetoka jukwaani. Siku kama hiyo hata mboga aliunga kwa furaha.

Ndipo kaka yangu akaoa. Wifi alikuwa akiuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, msichana mrefu, mwenye kucheka. Hakukaa sana, akafungua friji akiwa peku, mikono mibichi. Ikamrusha hadi kwenye kabati la vyombo.

"Ajabu," Shangazi alisema, akiokota sufuria. "Friji hii sisi hututekenya tu. Labda haijazoea wageni."

Wifi aliinuka, akajifuta mikono. Alikwenda kwa Baba, akamwambia kisanduku kile kinamtia hofu, na kwamba nyumba haina hata waya wa kupeleka umeme ardhini. Baba akakubali palepale, na hapo ndipo kijicho kilipoanza. Nilimsikia Shangazi jikoni akiongea na moto.

"Mimi nimeomba dirisha la chumbani kwangu mpaka sauti imenikauka. Yeye kaja juzi, kapewa ukuta mzima."

Fundi umeme alikuja na kisanduku cheupe chenye swichi ndogo zilizopangwa safu. Alipigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya nyumba, akavuta waya mpaka ndani, na waya wa friji uliokuwa umechubuka akaubadilisha. Shangazi alimsimamia kazi yote, mikono kiunoni.

"Na hii pana ya pembeni?"

"Hii ndiyo kinga yenyewe, mama. Umeme unaokwenda lazima urudi wote. Ukirudi pungufu, maana yake sehemu imepitia pengine, labda mwilini mwa mtu. Hapo inakata kabla hujasema 'uwi'."

"Fyuzi zangu hazikuwa zikikata?"

"Fyuzi inalinda nyaya. Mtu haimjui."

Shangazi alikisogelea kisanduku. "Haya, ikikata, nani atabadilisha waya?"

"Hakuna waya wa kubadilisha. Anayepita anainua swichi. Hata mtoto."

Fundi alisema hivyo akitabasamu, akidhani anatoa habari njema. Mimi nilikuwa namtazama Shangazi. Mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika ule uzi.

Alipochomeka pasi yake kwa mara ya kwanza baada ya hapo, tap! Giza. Wifi alitoka chumbani, akanyoosha mkono bila kiti, akainua swichi. Taa zikawaka. "Aaa!" tukasema, kwa mazoea. Laiti tungenyamaza. Shangazi alichomeka tena, ikakata tena. Uso wake ukachangamka.

"Si nilisema? Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mrudisheni fundi aje achukue takataka yake."

Wifi alichomoa kila kitu nyumbani, kisha akawa anachomeka kimoja kimoja: friji, redio, birika. Kimya. Akachomeka pasi. Tap!

"Ni pasi, Shangazi. Inavuja."

"Inavuja? Kwani ndoo hii?"

"Umeme unavuja kwenye bati lake."

"Pasi hii niliinunua wewe hujajua kutambaa. Ina adabu zake tu: huishiki peku."

"Hizo si adabu, Shangazi. Itaua mtu."

Shangazi aliizungushia waya wake taratibu. "Mtoto wetu umemchukua, sawa, ndiyo ndoa. Kisanduku umechukua. Sasa hata pasi?"

Akanibebesha kapu la nguo, tukaenda kwa rafiki yake, fundi cherehani wa mtaa wa pili. Huko bado kulikuwa na fyuzi za zamani, na Shangazi ndiye aliyekuwa akizisuka. Alipokewa kama daktari. Alinyoosha nguo akiwa na ndala miguuni, akimsema Wifi kuanzia unyayo hadi utosi, na mwenyeji wake akiitikia "Ehee!" kila pumzi. Tangu Wifi aje sikuwa nimemwona na raha ile.

"Hebu nipitishe kola hii," fundi cherehani akasema, akainuka kutoka kwenye cherehani. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Alikuwa peku. Mkono mmoja ukashika pasi, mwingine ukabaki juu ya chuma cha cherehani.

Hakupiga kelele. Alikakamaa tu, mdomo wazi, vidole vimeng'ang'ania. Shangazi aliruka akang'oa plagi ukutani, waya ukamchapa usoni. Fundi cherehani akaanguka kwenye lundo la vitambaa. Alipoweza kusema, alisema, "Dada, umeniua," akacheka, kisha akalia sana. Fyuzi ilikuwa mahali pake, nzima kabisa. Haikuwa imejua lolote.

Njiani kurudi, Shangazi aliibeba pasi mwenyewe. Nyumbani aliiweka pasi miguuni pa Wifi, akabaki amesimama mbele ya kisanduku cheupe. Nilijua anatafuta neno, na kila alilopata lilikuwa chungu.

"Hebu nionyeshe," akasema mwishowe.

Wifi akamwonyesha kibonyezo cha kujaribia. Shangazi akakibonyeza. Tap. Akainua swichi, akabonyeza tena.

"Usidhani nimekupenda," akasema.

"Sijadhani, Shangazi."

"Pasi imemkamata rafiki yangu, fundi cherehani. Akifa, nitamwambia nini Mungu? Kesho unanisindikiza kwake. Nitazungumza mimi."

Kwa hiyo kesho yake tukakaa watatu kwa fundi cherehani, ambaye vidole vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa. Alimgeukia Wifi.

"Mwanangu, hicho kitu kinajuaje kama mtu kashikwa?"

Wifi akafungua mdomo. Shangazi akamwekea mkono gotini.

"Umeme unaokwenda lazima urudi wote," akaanza, "kama mtoto unayemtuma dukani." Akaeleza kisanduku, akaeleza fimbo ya shaba, isipokuwa aliiita ya chuma. Wifi alinitazama. Tukatazama chini wote wawili.

"Na wewe binti unayajua haya?" fundi cherehani akamuuliza Wifi.

"Anajuajua," Shangazi akamjibia. "Namfundisha."