Nikirudi nyuma kuwaokoa kaka zangu Kulwa na Doto, mimi Shija nitazaliwa?

Ting... ting-ting.

Wakuu, huo mlio ninao masikioni hadi leo. Ni vikombe viwili vya bati vinagongana ukutani kwetu Igombe, upepo wa ziwa ukiingia dirishani.

Poleni na mihangaiko. Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, anayetafuta chai ya kutunga akachemshe kwake.

Naitwa Shija. Wasukuma humu mshaelewa. Kwa wengine: kwetu mapacha ni Kulwa na Doto, anayezaliwa baada yao ni Shija. Ukilisikia jina langu tu unajua kuna wawili walinitangulia.

Kaka zangu hao sikuwaona. Homa iliwachukua wote wawili wiki moja, hata kuongea hawajajua vizuri. Vile vikombe ni vyao. Mama kavitundika kwenye misumari miwili, anavifuta vumbi, na hakuna anayevinywea. Nimekua navyo hivyo, havikuwahi kuniumiza.

Shida ilianza saluni.

Nasuka nywele mjini, karibu na soko (shule niliishia form two, msinicheke). Siku hiyo namsuka dada mmoja wa chuo, yeye anaangalia video za time travel kwenye simu. Akanielezea: ukirudi zamani ukamzuia babu yako asimuoe bibi yako, wewe huzaliwi. Sasa kama hukuzaliwa, nani alirudi kumzuia?

Nilicheka mpaka rasta zikanidondoka. Mambo hayo nayapenda jamani, mimi naweza kuwaza nimefungua saluni mwezini.

Nikamwambia, "Mimi ningerudi kuwaokoa kaka zangu."

Akaniuliza, "Wangepona, mama yako angekuzaa wewe?"

Mikono ikasimama kichwani kwake.

Maana shangazi aliwahi kuropoka kwenye msiba mmoja wa ukoo: "Baba yako alishasema wawili wanatosha. Wewe ulitafutwa kuziba pengo." Nilikuwa mdogo, neno hilo likapita. Siku ile likarudi zima zima.

Tangu hapo nikifumba macho tu najiona nje ya zahanati ya enzi hizo, nimeshika dawa. (Nimefika na bodaboda, wakati boda zenyewe hazikuwepo. Mawazo hayana akili.)

Nikiingia, wanapona, mimi nafutika.

Nisipoingia, wanakufa, na mimi nimesimama palepale na dawa mkononi.

Na kila mara, wakuu, miguu inagoma kuingia.

Nikaanza kujiona muuaji wa watu ambao hata sura zao sizijui. Chakula hakishuki. Mteja mmoja nilimsuka upande mmoja mistari minene, upande wa pili myembamba. Alinitukana, na alikuwa na haki.

Yule dada wa chuo aliporudi saluni, nikamsimulia, akataka kunituliza. Eti kuna parallel timelines, yaani dunia mbili zinazokwenda sambamba, "huko wapo wao, huku upo wewe, hakuna aliyemdhulumu mwenzake."

Ndiyo akanimaliza! Nikamuona mama wa huko anacheka na wanaume wawili wazima, ukutani hakuna vikombe. Nikajiuliza, mama yangu akipewa nauli ya kwenda huko, atabaki na mimi?

Jumapili nikaenda nyumbani, nikamkuta anaanika dagaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo, huko saluni hamli?"

Sikuzunguka. "Mama, ungeweza kurudi nyuma, ungewaokoa kina Kulwa?"

"Ningewaokoa."

Hakufikiri hata kidogo. Machozi yakanitoka palepale juu ya dagaa wa watu.

"Na mimi je? Shangazi alisema baba alitaka wawili tu."

Mama akaacha kuanika. "Baba yako alisema. Mimi aliniuliza?"

Akanigeukia.

"Shija haitwi Shija kwa sababu mapacha wamekufa. Anaitwa kwa sababu wamezaliwa. Siku nimewapakata wale wawili, jina lako nilishalijua. Nilikuwa nakusubiri hata kabla ya hiyo homa. Haya, nisogezee hilo beseni, na usinilizie dagaa, chumvi itazidi."

Wakuu, sijui kama ndiyo ukweli wenyewe au ni mama tu anamfuta mtoto machozi. Wasiwasi haujaisha wote. Ila jana nimefumba macho, nikajikuta pale zahanati, na miguu ikasogea kidogo.

Nilichojifunza: swali linalokunyima usingizi lipeleke kwa mwenye nalo, usilitafutie majibu kwenye simu.

Kina Shija wenzangu na wote mliozaliwa nyuma ya waliotangulia mbele za haki, nyie mnaishije na hili? Na wataalamu wa timeline semeni, ila taratibu, moyo wangu bado mbichi.

Halafu nimesahau. Jumapili hiyo mama alipotoka kupeleka dagaa kwa mteja, nilibaki peke yangu. Nikaokota jiwe, nikapigilia msumari wa tatu, nikatundika kikombe changu cha chai pembeni ya vile viwili.

Nikasubiri upepo, haukuja.

Nikavisukuma mwenyewe kwa kidole.