Amefuata Ngoma Kwao

Kwa miaka mingi rafiki wa baba yangu aliitikia salamu yangu kwa maneno yaleyale. "Shikamoo baba," nikisema, naye: "Marahaba, binti wa mtoro." Nilicheka. Baba alicheka kunishinda. Yule mzee ni Mnyamwezi na sisi ni Wazaramo wa Kisarawe, watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana hadharani, akakunyang'anya kofia, akasema babu yako aliuzwa kwa pishi ya chumvi, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, wewe ndiye mshamba.

Walipigana vita vya Uganda pamoja, kombania moja. Mnyamwezi alikuwa na mwandiko mzuri, akafanywa karani wa kushika daftari la majina. Vita vilipokwisha yeye alijenga Kongowe, hapa Kibaha, baba akarudi Kisarawe kwenye mihogo yake. Kila sikukuu mmoja alimfuata mwenzake ili wakatukanane vizuri.

Mimi ni fundi cherehani, mtaa wa Picha ya Ndege, hukuhuku Kibaha. Miaka mitatu iliyopita baba alinijia asubuhi amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alitaka nimsindikize kwenye ofisi ya kumbukumbu za wanajeshi akachukue cheti cha utumishi. Wenye vyeti huitwa mbele siku ya mashujaa. Yeye kila mwaka alikaa nyuma, karibu na wauza karanga, akiwapigia wenzake makofi.

Ofisini kijana wa magwanda alifungua jalada, akasoma, akamtazama baba, akasoma tena.

"Mzee, hapa unasomeka mtoro."

Baba aliomba asomewe yote yaliyoandikwa. Kijana akasoma: "Mtoro. Amefuata ngoma kwao."

Baba alicheka mpaka akashika meza. Hakuna aliyecheka naye. Alipotulia akaeleza. Aliharisha damu hadi akashindwa kusimama, wakambeba kwa machela kumpeleka hospitali. Yule karani alishika upande mmoja wa machela akiitangazia kombania nzima: "Mzaramo kasikia ngoma huyo, katoroka!" Watu walicheka, maana Wazaramo hutaniwa kwa kupenda ngoma, na baba naye alicheka akiwa amelalia kinyesi chake. Hakujua kwamba mtani wake alikwenda kuyaandika maneno hayo daftarini. Alipopona, kombania ilikwishasonga mbele. Kikosi kingine kilimchukua, akapigana nacho hadi mwisho, akarudi nyumbani bila karatasi. Alidhani zimepotea tu.

"Basi mlete huyo karani aape," kijana akasema. "Au mwingine wa kombania hiyo."

"Tumebaki wawili," baba akajibu, tena kwa furaha. Alidhani kazi imekwisha.

Tulimkuta mtani uani kwake Kongowe akimenya viazi vitamu. Baba alimsimulia habari yote kwa vichekesho, na wote wawili wakacheka hadi kukohoa. Kisha baba akatoa fomu mfukoni, na kicheko kikakatika.

"Mtani, huo si mwandiko wangu."

"Hujauona."

"Sihitaji kuuona." Aliendelea kumenya. "Mimi siku ya mashujaa nashika bendera. Nikaape kwamba nilichezea daftari la serikali vitani? Ukinivua nguo mimi, wewe utazivaa?"

Baba aliikunja fomu mara nne. "Nguo za Mnyamwezi mpagazi hazinienei," akasema. Wakacheka tena, wazee wawili, kama hakuna kilichotokea. Mimi nilitamani kulimwaga lile beseni la viazi kichwani mwa yule mzee.

 Tulipofika kwangu ulimi ukaniponyoka, ukamrukia baba. Nilimwambia ameshindwa hata kumbana mtu kwa haki yake. "Labda waliandika kweli," nikasema. "Labda ulitoroka." Alinitazama, akavaa makubazi yake, akarudi Kisarawe bila kunywa chai. Nilimwomba radhi mara nyingi baadaye, naye kila mara alisema yamekwisha. Hayakwisha. Tangu siku ile baba hakunitania tena.

Tuliandika barua tatu. Jibu lilikuwa moja: leta shahidi. Baba aliendelea kwenda Kongowe kila sikukuu na fomu yake. Hakuomba mara ya pili. Aliitandaza tu mkekani karibu na chakula, wakaongea mengine, na mtani alikuwa akiweka sahani yake juu ya fomu hiyo. Fomu ikapata alama za mchuzi. Nilichapisha nyingine, nayo ikapata.

Nilimuuliza baba anaitakia nini karatasi hiyo uzeeni. Alisema hataki kwenda kaburini anasomeka vile. Basi, hilo tu. Alikwenda kaburini anasomeka vilevile.

Mtani alifika msibani kabla ya wajomba zetu. Kama watani wafanyavyo msibani, alikuwa amevaa sufuria kichwani na kuweka mwiko begani kama bunduki. Jeneza lilipotolewa mlangoni alilizuia. Nilikuwa nimeshika simu, nikirekodi kwa ajili ya kaka yangu aliyeko mbali.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Hesabu haijatimia! Huyu mtoro, nilimwandika mwenyewe, kwa mkono huu! Alikuwa mgonjwa hajiwezi, kwa machela nilimbeba mimi, na bado nikamwandika mtoro! Sasa anatoroka tena, na daftari sina!"

Uani watu walivunjika mbavu. Wanawake walijifunika kanga usoni. Shangazi yangu, aliyekuwa amelia tangu alfajiri, alicheka hadi akashikiliwa. Walimsogeza mtani kando kwa maneno matamu, jeneza likapita. Nilihakikisha simu imehifadhi yote. Alikuwa ameapa mbele ya watu mia, na sauti yake ninayo.

Baada ya arobaini nilimpigia. Nilimwambia aende akaseme yaleyale ofisini, maiti haitamdai chochote.

"Mwanangu," akasema, "ya msibani huishia msibani." Akakata.

Nikaenda peke yangu. Kijana wa magwanda alikuwa yuleyule. Nilimwekea simu mezani. Alitazama, midomo ikaanza kumcheza. Sufuria lilipoonekana vizuri akawaita wenzake wawili, wakarudia kuitazama kwa vicheko.

"Mama, pole kwa msiba," akasema akifuta macho. "Lakini huu ni utani. Utani hauwezi kuingia kwenye jalada la serikali."

"Ulishaingia," nikamwambia. "Soma hapo."

Alilivuta jalada. Akalipitishia kidole lile neno na sentensi inayolifuata, polepole, bila kutoa sauti. Uso wake ukatulia. Nikaona ameelewa, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba nilihisi nafuu kifuani.

"Mama, wewe kabila gani?"

"Mzaramo."

"Wa wapi?"

"Kisarawe."

Akaruka kitini. "Kumbe mtani wangu! Mimi Mnyamwezi, Tabora kabisa!" Alinipa mkono, akaushika wangu, hakuuachia. "Sasa mtani, kamwambie mzee ngoma imekwisha. Arudi kambini tumfutie!"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Alilifunga jalada kwa mkono wa pili na kulirudisha kwenye rafu, wa kwanza bado ukiutingisha mkono wangu, na wote wakawa wananitazama kuona kama nitanuna. Nikacheka.