Karani Aliniuliza Nalisha Watu Wangapi

Msomaji huyu wa Isiolo ametuomba tusitaje jina lake. Jina tumelificha, maneno ni yake.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, Mborana, nina mke na watoto wanne, na nina hoteli ndogo ya chai na chapati hapa Isiolo. Kiswahili nasoma na kuandika kama mnavyoona. Kiingereza ndicho kilichonishinda, na fomu ya kodi ya mapato imeandikwa Kiingereza kutoka juu mpaka chini. Nawaandikia nyinyi kwa sababu hapa mjini sina ninayemwamini. Mkitaka kunicheka, nichekeeni huko huko mliko.

Fomu ilikuja na barua kwamba nisipoirudisha katika miezi miwili, leseni ya hoteli sipati tena. Siku hizi za shifta, wale waasi wa porini wanaopigana na serikali, mtu wa kabila langu akikosa leseni ataulizwa anaishi kwa kitu gani. Kwa hiyo niliambiwa nimlipe karani anayejazia watu fomu kwenye baraza ya duka la nguo. Ni Mmeru, zamani alikuwa katika ofisi ya serikali, na watu wanamsifu. Mimi nilimshuku tangu alipofungua mdomo. Wenzake wote husema "habari", yeye akanipa "salaam aleikum" iliyonyooka kabisa. Nikajiuliza, huyu kajifunzia wapi, na ya nini? Halafu bei yake ni ndogo mno. Halafu askari hunywa chai naye. Na chini ya kila fomu anatia kaboni na karatasi mbili, zinatoka nakala tatu. Moja ya ofisi, moja yangu. Ya tatu ya nani? Sikuuliza, maana mwenye kuuliza sana naye hushukiwa.

Nilikwenda asubuhi na mama yangu mzazi, kwa kuwa kutoka hapo tulikuwa tunaelekea zahanati kwa ajili ya macho yake. Akaketi kwenye benchi nyuma yangu. Karani akauliza jina, akaandika. Kazi, akaandika. Halafu akainua kichwa.

"Sasa bwana, wewe unalisha watu ngapi?"

Nyinyi wa mbali mtaona hilo ni swali la kawaida. Hapa sivyo. Askari wakija kupekua hoteli huuliza hivyo hivyo: unalisha nani? Jirani yangu mmoja mwenye duka alijibu vibaya, na mpaka leo mke wake ndiye anayefungua duka.

"Mimi silishi mtu," nikasema.

Karani akaweka kalamu chini. "Wewe una hoteli, na hulishi mtu?"

"Wale wananunua."

"Na bibi? Na watoto?"

"Bibi anajilisha."

"Hawa wasichana mbili wanakaa kwako, si ni wa ndugu yako? Baba yao iko wapi? Alipita njia gani?"

Jamani, hapo ndipo akili ilipotoka. Ndugu yangu alitoka na ng'ombe upande wa Kinna, mwaka sasa, hajarudi. Wengine wanasema amefungiwa kambini, wengine wanasema ameingia porini na bunduki. Mimi sijui, nawaapia. Ninachojua ni kwamba mke wake ni marehemu na wasichana wake wawili wanalala kwangu pamoja na mama. Nikasema kwa nguvu ili kila mtu barazani anisikie: "Andika hakuna. Sina mtu hata mmoja. Niko na kichwa changu tu." Akapiga mstari kwenye nafasi ile, akasema nirudi na malipo nitie sahihi.

Mama alisikia yote. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hayo aliyaelewa. Mchana nilimpelekea chapati na maziwa, akaisukuma sahani.

"Umesema hulishi mtu. Sasa hii ni ya nani?"

Nikamweleza kwamba nilikuwa namficha mtoto wake. Akasema, "Umeficha mmoja, umetupa wanane." Tangu siku hiyo anakula kwa jirani yetu, mama mmoja wa Kiturkana, na mimi mwenye hoteli napita mlangoni hapo nikiinamisha uso. Sijawahi kuona aibu kama hii.

Juzi nilimweleza mteja wangu mmoja, mwalimu wa shule. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Akasema swali lile liko kwenye fomu kweli, ni la watu wanaokutegemea, na ukiwataja wote serikali inakupunguzia kodi. "Karani hakukutega," akasema, "Kiswahili chake tu ndicho kibaya." Nikataka kucheka naye. Lakini nikamuuliza: na njia aliyopita baba yao, hiyo nayo imeandikwa kwenye fomu?

Mwalimu akafuta chai iliyomwagika. Akasema, "Hapana, hiyo haiko." Akalipa chai yake akaenda.

Ndugu wasomaji, fomu bado iko kwa karani. Nikiichukua niijaze mwenyewe, nitaharibu, na yeye atajua ninamwogopa, kisha ataanza kujiuliza naogopa nini. Nikiwaandikisha wasichana, jina la baba yao litaingia kwenye karatasi ile ya tatu. Nikiacha mstari wake ulivyo, nitatia sahihi kwa mkono wangu kwamba sina mama, na yeye yuko hai, ukuta wa pili, anakula sahani ya watu.

Jana mdogo wa wale wasichana aliniletea maji ya kunawa. Akaniuliza polepole, "Baba, na sisi tuhamie kwa jirani?"

Nishaurini, nawaomba. Nimlipe mtu huyu aandike kwamba ninao, au nimlipe aandike kwamba sina?