Mlawino wa Zarofat

Nitasimulia habari za Zarofat bila kujipaka mafuta, kwa sababu ubaya uliomfika nina mkono ndani yake, tena mkono mzima.

Alikuwa mwandika hirizi wa kijiji chetu cha milimani, kazi aliyofunzwa na marehemu baba yake. Mwanamke mrefu, mkavu, mkali wa maneno, vidole vyeusi mpaka kwenye kucha. Katika chupa yake ya wino aliishi Mlawino, kiumbe wa ukubwa wa kidole gumba mwenye vijikono kama vya mtoto mchanga na tumbo jeusi, ambaye chakula chake ni maandishi ya hirizi. Mtundu kupindukia: alifunganisha mikia ya mbuzi, akachora masharubu kwenye nyuso za watoto waliolala, kisha akacheka chinichini. Zarofat alimtukana kutwa nzima, na jioni akamwekea tone la maziwa.

Mwanangu Alifsho alikuwa na kifafa. Alipofika miaka sita alikuwa anaanguka mara tatu kwa wiki. Zarofat akamwandikia hirizi, akaikunja ndani ya kitambaa cha nta, akaishona akamvika shingoni. Mwaka mzima mtoto hakuanguka. Mwaka mzima, jamani.

Kwetu hirizi haifunguliwi. Ni siku moja tu, siku ya mwaka mpya, mwandishi anapozifumua mbele ya watu, karatasi kuukuu ikatupwa mtoni na mpya ikashonwa. Mwaka ule Zarofat alifumua ya Alifsho, karatasi ikatoka nyeupe. Akafumua ya jirani, nyeupe. Alifumua kumi na nne, zote hazina hata nukta. Kaka yake Qimatsho, naye mwandishi, akafumua zake: herufi zote zipo, nyeusi tititi.

Zarofat alieleza bila haraka. Mlawino hagusi maandishi yasiyo na nguvu, na hata yenye nguvu huyala baada ya nguvu kumwingia mvaaji. Anachokula yeye ni makombo ya wino. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Qimatsho akaapa kwamba nyumbani kwake hajawahi kumwona kiumbe wa namna hiyo, na hapo alisema kweli tupu.

Mimi ndiye niliyemtemea mate. Nilimwambia amekula kondoo niliyemlipa na kumvika mwanangu karatasi tupu.

"Mama Alifsho," akaniuliza, "mtoto ameanguka lini mara ya mwisho?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikalimeza, maana watu walikuwa wananitazama na hasira imeshanipanda.

Wakataka aape kwamba hataandika tena. Kiapo cha mkate kwetu hakivunjwi. Ukikivunja, kila kinachotoka mkononi mwako ni laana kwa atakayekipokea. Ukahitajika mkate. Nani alikimbia nyumbani kuuleta? Mimi, na ulikuwa bado wa moto. Zarofat akaweka juu yake vile vidole vyeusi, akaapa, nasi tukamvunjia kalamu zake. Qimatsho akamshonea Alifsho hirizi mpya. Nilimshukuru kwa sauti kubwa ili dada yake asikie.

Siku ya tisa Alifsho alianguka. Baadaye ikawa kila siku. Matunda ya miforosadi yalipoanza kuiva nikaenda kwa Zarofat, nikapiga magoti. Hakunifukuza. Alinimiminia chai ya maziwa na chumvi, kisha akaleta chupa ya wino na kuigeuza juu ya kiganja changu. Mlawino akadondoka, mwepesi kama ganda la kitunguu, tumbo limenywea, limekuwa jeupe.

"Nilimpeleka kwa kaka," alisema. "Siku tatu amelala juu ya hirizi zake, hakuonja hata moja. Akarudi kufia hapa."

"Dada, niandikie moja tu. Dhambi ya kiapo nitaibeba mimi."

"Dhambi ningeibeba mwenyewe. Lakini laana itamwangukia mtoto. Nimeapia mkate, na mkate uliuleta wewe."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ile tuliyomvunjia kalamu.

Siku nne baadaye Alifsho alianguka mferejini, hatua kumi kutoka pale nilipokuwa nafua, nimempa mgongo. Maji yenyewe hayafiki magotini. Kabla hajaoshwa niliifumua ile hirizi kwa mikono yangu. Ndani ya nta karatasi ilikuwa kavu, na maandishi ya Qimatsho yalikuwepo yote, safi, hayajaguswa.

Kwenye msiba kila nyumba huleta mkate. Zarofat naye alileta wake, akauweka mbele yangu kwa mikono miwili. Vidole vyake vilikuwa vimetakata.

"Kula, mama Alifsho," akasema. "Ungali wa moto."

Nikaula wote mbele ya watu, na safari hii hakuna aliyecheka.