Vidole vya Mama na Mashine ya Visa

Waombaji visa hutakiwa kuleta mengi, na mimi, mwalimu niliyezoea karatasi, niliyakusanya yote: pasipoti, barua ya mwajiri wangu, hati ya shamba la Mama, uthibitisho wa mahali pa kulala siku kumi. Mama yangu alitaka kuiona London kabla magoti hayajamgomea, kama mtalii tu, na nilikuwa nimeapa kumpeleka. Sikujua tungekwama kwenye vidole.

Katika kituo cha kupokea maombi, Nairobi, mimi nilitangulia. Niliweka vidole kwenye kioo cha mashine ya kusoma alama, taa ikawaka kijani, nikasogea. Mama akaweka vyake. Mashine ikalia. Akavifuta kwa leso, akaweka tena, ikalia tena.

"Mama, unafanya kazi gani?" binti wa dirishani akauliza.

"Nachuna majani chai. Huko Mogogosiek."

"Basi ni hiyo. Alama imeisha. Pumzisha mikono wiki tatu halafu ukuje tena."

"Wiki tatu! Na majani nani atachuna, wewe?"

Binti akacheka. Mimi sikucheka. Nilivitazama vidole vyangu laini, vilivyosomeka mara moja, nikaona aibu. Vilishika kalamu kwa sababu vyake vilishika majani, tangu nikiwa mgongoni mwake.

Wiki tatu zile zilikuwa vita. Nilimpaka mafuta ya mgando asubuhi na jioni, nikamvalisha soksi mikononi. Majirani walikuja kumchunia, naye akasimama kwenye kijia na soksi zake, akiwakosoa: jani hili limekomaa, kichipukizi kile mmekiruka. Walimvumilia, maana wote wanajua hakuna kapu safi kama lake katika kituo chetu cha kupimia majani. Siku moja nilimkamata katikati ya michai, soksi ziko mfukoni.

"Nilikuwa naangalia tu," akasema, na kiganja kimejaa majani.

Tuliporudi Nairobi mashine ilikubali, na baadaye visa ikatoka. Kwa furaha nikasahau kumwambia kwamba huko tuendako vidole vingetakiwa tena. Kesho yake asubuhi alikuwa ameshaingia shambani, na alichuna mpaka siku ya kuondoka.

London, kwenye dirisha la uhamiaji, mashine ikalia mara tatu. Nilishaona tukirudishwa kwa ndege ileile. Ofisa, mwanamume mwenye mvi, akainama kuvitazama vile vidole vyeusi vilivyopasukapasuka, akauliza alama zimekwenda wapi. Nilifungua mdomo kuomba radhi, Mama akanigusa kiwiko.

"Amesema nini?"

"Anauliza alama za vidole vyako ziko wapi."

Hakunyenyekea wala hakupandisha sauti. Alimnyooshea ofisa mikono yote miwili, viganja juu.

"Mwambie ziko kwa chai yake."

Nilitafsiri neno kwa neno. Yule mzee akazipitia karatasi zetu upya, kisha akagonga muhuri.